Naondoka Januari: tuuze nyumba yetu ya Goba au tuipangishe?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili, wa kike miaka tisa na wa kiume mitano. Mungu akipenda, Januari nasafiri kwenda Leeds, Uingereza. Nimepata mkataba wa miaka mitatu katika hospitali moja ya huko. Mtihani wa kompyuta wa NMC, wale wanaosajili wauguzi wa kule, nimeshaufaulu. Ule wa vitendo nitaufanya nikifika. Hospitali inanikatia tiketi na kunipa chumba kwa miezi miwili ya kwanza.

Linalotunyima usingizi ni nyumba. Kiwanja chetu cha Goba, hapa Dar, tulikinunua 2012, msingi tukachimba 2013, tukahamia 2019 ikiwa haina hata silingbodi. Ni vyumba vitatu, kimoja masta, na nyuma kuna kibanda cha chumba kimoja na choo chake. Nje haijapigwa plasta mpaka leo. Bati zilitoka VICOBA, nondo zilitoka kwenye posho zangu za zamu za usiku, na tofali baba watoto alizilipa kwa fedha za tuisheni.

Sasa baba watoto anataka tuuze. Jirani ametuletea mtu mwenye milioni 95 mkononi. Mume wangu anasema tuchukue, twende wote Januari kwa mpigo mmoja, tuanze maisha tukiwa na kianzio. Yeye anafundisha shule binafsi na amepanga kuacha kazi Desemba. Anasema kupangisha ukiwa mbali ni presha tupu: koki inapasuka Goba, wewe unaamshwa Ulaya saa nane za usiku.

Mimi roho yangu inakataa kuuza. Dalali amesema itapangishwa kwa 450,000 kwa mwezi, kwa kodi ya miezi sita sita, na tukipiga plasta na rangi nje itafika laki sita. Fundi anataka milioni nne na nusu kwa kazi hiyo.

Mama mkwe naye ana lake. Anasema nyumba isiuzwe, na asiingie mtu baki. Akae mdogo wake mume wangu na familia yake, "awatunzie". Shemeji yangu ni mtu mwema, ila hana kazi ya kueleweka. Nikikataa nitaambiwa nimeanza kiburi cha Ulaya kabla sijapanda ndege.

Karatasi tulizonazo ni mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, kwa jina la mume wangu peke yake. Zoezi la urasimishaji wa viwanja lilipita, tulilipa, mawe ya mipaka yakawekwa, hati hatujaifuatilia.

Mwenye milioni 95 anataka jibu mwisho wa mwezi. Nisaidie Shangazi.

Muuguzi, Goba

*

Marahaba mwanangu, na hongera. Najua wauguzi wanaosoma kwa ajili ya mtihani ule huku wakitoka zamu, kwa hiyo hongera yangu si ya mdomoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Nikaona kwamba wewe na mume wako mnagombania uamuzi ambao siku yake haijafika. Wewe bado hujapata pini, ile namba ya usajili ya NMC. Hapo ulipoandika "ule wa vitendo nitaufanya nikifika" ukaendelea na habari nyingine, mimi ndipo niliposimama.

Mtihani huo unaufahamu kuliko mimi, lakini mwambie mume wako wazi unavyofanya kazi. Unaingia Uingereza ukiwa muuguzi ambaye hajasajiliwa, unalipwa mshahara wa daraja la chini, mara nyingi ngazi ya 4 badala ya ya 5. Unatakiwa uukalie mtihani ndani ya miezi mitatu tangu uanze kazi, na usajili uwe umekamilika ndani ya miezi minane. Wengi wanafaulu, na wewe naamini utafaulu. Ila wapo wanaorudia mara ya pili na ya tatu, na wapo waliorudi nyumbani. Sasa nifikirie mama anayekalia mtihani huo huku mume na watoto wawili wako kwenye chumba cha hospitali ambacho muda wake umebaki wiki mbili, mume hana kazi, na Goba kuna mtu mwingine anapaka rangi nyumba yao. Mkono hautatetemeka kwenye kuandaa sindano?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: Januari nyumba isiuzwe, wala isipangishwe. Ikae na wenyewe. Nenda wewe peke yako. Baba watoto asiandike barua ya kuacha kazi Desemba, aendelee kufundisha mpaka katikati ya mwaka, watoto waendelee na shule yao na vitanda vyao. Ukishapata pini, nao wakufuate Agosti, na hapo ndipo nyumba ipangishwe. Shule za Uingereza zinaanza mwaka mpya Septemba, kwa hiyo watoto wataingia darasani pamoja na wenzao badala ya kudumbukia katikati ya mwaka wa masomo.

Najua nimegusa penye kidonda. Mtoto wa miaka mitano na mama yake miezi saba, si jambo la kusema kwa wepesi, na silisemi kwa wepesi. Utalia, naye atalia, na kuna siku kwenye simu atakataa kuongea nawe kwa hasira. Lakini atakuwa analilia nyumbani kwake, akiwa na baba yake na bibi yake. Hilo naliona afadhali kuliko kumpeleka kwenye baridi ya Januari akae chumba kimoja na mama anayekariri.

Na kile kianzio anachokitafuta mume wako, tukipige hesabu. Viza ya wahudumu wa afya imesamehewa ile ada ya matibabu ambayo wahamiaji wengine hulipa kwa kila mwaka, na familia yako nayo imesamehewa. Akiba ambayo idara ya uhamiaji ya Uingereza hutaka iione benki kwa siku 28 ni pauni 1,270 kwako, 285 kwa mwenzi, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa wa pili. Mwajiri anaweza kukudhamini ile ya kwako kwenye barua yake. Muulizeni, waajiri wengi wa hospitali hufanya hivyo. Inabaki pauni 800 za familia, ambazo kwa bei ya pauni ya siku hizi hazifiki milioni tatu. Ongeza ada za viza zao na tiketi tatu. Ni fedha nyingi, sikatai, lakini ni fedha ambazo mshahara wako wa miezi sita na wa mume wako zitazifikia. Haziuzi nyumba.

Sasa nimtendee haki mume wako, kwa sababu kwa hesabu kavu yeye ana hoja kukuzidi. Hiyo 450,000 kwa mwezi mnaiona milioni tano na laki nne kwa mwaka. Toa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu mpangaji akihama, maana hutokea. Toa asilimia 10 ya mtu atakayeisimamia. Toa kodi ya zuio ya TRA kwenye pango, asilimia 10 kwa mkazi, na ukishahesabika si mkazi ukaulizie kiwango chako. Toa kama mwezi mmoja wa fundi bomba, fundi umeme na gari la kunyonya choo. Mkononi inabaki milioni tatu na nusu hivi. Kwa nyumba ya milioni 95 hiyo haifiki shilingi nne kwa kila mia. Hati fungani za serikali za miaka 20 na 25, yaani fedha unazoikopesha serikali, zinazouzwa na Benki Kuu zimekuwa zikilipa riba ya zaidi ya shilingi kumi kwa mia. Kwa hiyo anayekwambia kupangisha ndiyo biashara, hajashika kikokotoo.

Lakini mume wako hakusema milioni 95 ziende kwenye hati fungani. Alisema kianzio. Kianzio Ulaya ni kodi ya nyumba, amana, makoti, godoro, gari kuukuu, nauli ya msiba. Milioni 95 kule ni kama pauni elfu ishirini na kitu, na nimeona fedha za namna hiyo zikiyeyuka kwa miezi kumi na minane bila mtu kufanya anasa yoyote. Baada ya hapo Goba haununui tena kwa bei ya leo. Nyumba yenu kwa sasa msiihesabu kama mradi. Ihesabuni kama mlango wa kurudia, mpaka mjue kama mnarudi au mnabaki.

Nikija kwa shemeji yako, naomba unisikilize vizuri.

Mwaka 2009 mimi na marehemu mume wangu tulikwenda Norway, yeye masomoni. Nyumba yetu ya Tabata tukamwachia binamu yake. Tulikaa naye barazani, tukala, tukamwambia, "Kaka, itunze." Tukampa funguo. Tuliporudi 2012 tulifika saa kumi jioni, na mlango ukafunguliwa na mwanamke nisiyemjua, kajifunga khanga, ana mtoto mgongoni, akaniuliza, "Unamtaka nani, mama?" Sebule yangu ilikuwa imegawanywa kwa plaiwudi ikawa vyumba viwili. Familia tatu zilikuwa mle ndani, zote zikimlipa binamu. Sinki la jikoni lilikuwa limeng'olewa, na deni la maji lilikuwa 780,000. Binamu hakuona aibu hata kidogo. Alituambia, "Si mlisema niitunze? Nyumba bila watu huoza." Na mwanangu, kwa muda mrefu nilimchukia, mpaka nikakubali kwamba tulimpa neno moja lisilo na mipaka, na yeye akalijaza kwa shida zake. Ilitupita miaka miwili kabla hatujala naye Krismasi tena.

Kwa hiyo mtu asiye na kazi ya kueleweka usimpe nyumba ya vyumba vitatu na neno "tunza". Mpe kazi. Kile kibanda cha nyuma, akae yeye na mkewe bila kulipa, kwa maandishi. Kazi yake iwe kukagua nyumba kila mwezi, kupiga picha, kuita fundi, kufagia uwanja. Alipwe ile asilimia 10, kila mwezi, bila kucheleweshwa, maana ndugu naye huumia akicheleweshewa. Ila fedha ya kodi isipite mikononi mwake. Mpangaji aiweke benki kwenye akaunti yenye majina yenu wawili, naye shemeji alipwe kutoka huko. Kwa mpango huo mama mkwe amepata alilotaka, mwanawe yuko pale, na nyumba haijakaa bila jicho. Na wa kumweleza mama mkwe ni mume wako, tena peke yake, wewe ukiwa kazini. Mama anapokea kwa mwanawe neno ambalo kwa mkwe angeliita kiburi.

Karatasi zenu ndizo zilizonitia wasiwasi kuliko mambo mengine yote. Mkataba wa serikali ya mtaa peke yake, mawe yamewekwa, hati hamjafuatilia, na mnataka kuvuka bahari! Mtu akiwa mbali, kiwanja kisicho na hati huota wenyewe wengine. Urasimishaji mmeshalipia na ramani ipo, basi ile miezi ambayo mume wako atakuwa bado hapa ndiyo ya kwenda ofisi ya ardhi, kupata kontroli namba, kulipa na kukaa mguu sawa mpaka hati itoke. Na itoke kwa majina mawili. Nondo za zamu za usiku hazikutoka mfukoni kwa mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakulinda, nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, lakini ridhaa hiyo kuisimamia ukiwa Leeds ni kazi. Jina lako likiwa kwenye hati hakuna wa kukuuliza wewe ni nani. Mwambie mume wako bila kumtuhumu. Mwambie, "Baba fulani, ikitokea lolote barabarani, watoto wasihangaike."

Mkimwachia mtu mamlaka ya kisheria ya kuwawakilisha, wakili aandike humo kazi zenyewe: kusaini mkataba wa upangaji, kufuatilia hati, kupokea barua. Neno "kuuza" lisiwemo. Siku mkitaka kuuza mkiwa huko, mtasaini nyingine ubalozini kwetu London.

Uliuliza kuhusu plasta kama kwamba jibu ni ndiyo. Mimi nasema hapana. Laki sita ya dalali ni ya mdomoni, milioni nne na nusu za fundi ni za kweli. Hata kama kodi itapanda kweli kwa 150,000, ni miaka miwili na nusu kuirudisha fedha hiyo, na huenda kabla ya hapo mkawa mmeamua kuuza. Mpangaji wa Goba anaangalia maji, choo, geti na nondo za madirisha. Rekebisheni pampu ya simtanki, badilisheni vitasa, iteni gari la kunyonya choo, pakeni rangi ndani. Kuta za nje zitawasubiri.

Mpangaji mwenyewe msimwachie dalali amchague. Dalali anataka kodi yake ya mwezi mmoja akaendelee na safari. Mume wako amwone mtu huyo, aende na mwenyekiti wa mtaa akamtambulishe, ampigie mwenye nyumba wa alikotoka. Picha za kila chumba, kila koki, kila kioo, na mita ya umeme ya LUKU, zisainiwe pamoja na mkataba. Kumbukeni kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo mkataba useme wazi nani anaibeba, vinginevyo mpangaji atawaletea hesabu yake mwisho wa mwaka. Pango la ardhi, hati ikishatoka, ni lenu.

Halafu wekeni tarehe ya kulizungumza upya. Naona mkiwa kule wote, mmepitisha baridi mbili. Hapo mtajua kama mume wako amepata kazi inayomheshimu, kama watoto wameshika, kama wewe mgongo unaziweza zamu za kule. Mkiona mnabaki, uzeni kwa moyo mweupe na fedha iende mahali inapozaa. Mkiuza, faida hutozwa asilimia 10 kwa mkazi, na asiye mkazi hutozwa zaidi. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa kama faida haizidi milioni 15. Nyie mmeishi pale tangu 2019. Kwa hiyo risiti zote za bati, nondo, saruji na fundi zitafuteni sasa, kwenye mifuko ya rambo na kwenye Biblia, mzipige picha. Kila risiti inayopotea inaongeza faida ambayo hamkuipata.

Jambo moja mlijue mapema, hata kama liko mbali. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkiwa na ruhusa tu ya kuishi Uingereza, nyie bado ni Watanzania na ardhi yenu ni yenu. Siku mmoja wenu akichukua pasipoti ya Malkia, ambayo sasa ni ya Mfalme, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtazama kama mgeni, na mgeni humilikishwa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Zipo taratibu za hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, lakini kabla ya kula kiapo chochote nendeni kwa wakili mkiwa na hati mkononi. Msiape kwanza ndipo mkaulize.

Na yule mwenye milioni 95 anayetaka jibu mwisho wa mwezi, mjibuni kwa heshima kwamba hamuuzi kwa sasa, na mchukueni namba yake. Mwulizeni pia kama alitaka kulipa fedha hizo kwa nyumba isiyo na hati na yenye kuta bila plasta. Akisema ndiyo, mtakuwa mmeshajua bei ya kuanzia siku mkiwa na hati.

Shangazi